Mshono na Mkato: Mafunzo ya Cherehani kwa Wanawake wa Panda, Likasi

Katika maandishi ya historia ya Katanga, Panda hutajwa kwa sababu ya shaba. Hapo ndipo kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilipoanzisha mwaka 1921 kiwanda cha kuchambulia mawe ya madini, na hapo ndipo palipokuja kuwa na karakana kuu ya kutengenezea mitambo yake. Mji uliokua kandokando ya viwanda hivyo uliitwa Jadotville katika enzi ya Wabelgiji, kwa heshima ya Jean Jadot aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kampuni, na ukarudishiwa jina la Likasi mwaka 1966. Leo Panda ni mojawapo ya wilaya nne za mji huo, pamoja na Likasi yenyewe, Kikula na Shituru. Msomaji wa kazi ya John Higginson juu ya wafanyakazi wa Union Minière, iliyotoka mwaka 1989, atapata humo habari nyingi za mikataba, maradhi, migomo na mishahara. Habari hizo karibu zote ni za wanaume.

Makala haya yanashughulikia chombo kidogo kuliko tanuri, nacho ni cherehani. Yanauliza wake wa wafanyakazi walifundishwa nini hasa walipofundishwa kushona, na kwa nini jambo moja la msingi katika ufundi huo halikuwa sehemu ya mafundisho yao. Ushoni una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kuunganisha vipande vya kitambaa vilivyokwisha kukatwa. Nusu ya pili, ambayo kwa utendaji hutangulia, ni kupima mwili wa mtu na kukata kitambaa kifuate vipimo hivyo. Ajuaye nusu ya kwanza tu anaweza kuivisha nyumba yake. Ajuaye zote mbili anaweza kuishi kwa mikono yake. Historia ya wanawake wa Panda na cherehani, kwa maoni ya makala haya, ni historia ya umbali uliokuwapo kati ya nusu hizo mbili.

Jina la chombo

Ni vema kuanza na jina, maana lenyewe linaonyesha njia ambazo chombo hiki kilipitia. Kiswahili cha pwani kina neno cherehani, lenye asili ya Kiajemi na lenye uhusiano na neno la lugha hiyo linalomaanisha gurudumu. Ndugu yake ni cherehe, yaani jiwe la mviringo la kunolea visu. Neno hilo ni la Bahari ya Hindi: lilisafiri pamoja na wafanyabiashara na mafundi, na pwani likazaa msemo fundi cherehani, ambao kwa muda mrefu ulimleta akilini msikilizaji mwanamume aliyeketi barazani mbele ya duka la vitambaa.

Katanga haikulipokea chombo hiki kwa njia ya pwani. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimekwisha fika huko katika karne ya 19, kwa misafara ya biashara na kwa utawala wa Msiri huko Bunkeya, lakini cherehani ilikuja zaidi na reli kutoka kusini na maduka ya Wazungu. Kwa sababu hiyo jina lake likawa mashini ya kushona, kwa kufuata Kifaransa. La kuzingatia ni kwamba mashini ni neno lile lile alilolitumia mfanyakazi wa Panda kwa mtambo wa kusagia mawe. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha jinsi Kiswahili kilivyofanywa kuwa lugha ya kazi katika migodi ya Katanga baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo neno moja lilitaja chombo cha mume kiwandani na chombo cha mke nyumbani. Tofauti yao haikuwa katika jina, ilikuwa katika umiliki. Mtambo wa kiwandani ulikuwa mali ya kampuni, na ujuzi wa kuuendesha haukuwa na soko nje ya lango lake.

Kampuni na mke wa mfanyakazi

Hadi katikati ya miaka ya 1920 Union Minière ilitegemea vibarua wa muda mfupi walioletwa kutoka mbali. Wengi wao walikufa, walitoroka au walirudi makwao mkataba ulipokwisha. Gharama ya kuwatafuta wengine kila mara ilikuwa kubwa, na mashamba na migodi ya makoloni jirani ilishindania watu wale wale. Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 kampuni ilibadili mwendo. Ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu, ikahimiza mfanyakazi aje na mkewe, ikajenga nyumba za familia, ikatoa posho kwa mke na watoto, ikafungua zahanati za kupimia watoto wachanga. Msukumo mkubwa wa siasa hii ulitoka kwa daktari Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1946 aliieleza na kuisifu katika andiko lililohusu miaka ishirini ya utekelezaji wake. Elimu na malezi vilikabidhiwa kwa kiasi kikubwa wamisionari Wakatoliki, hasa Wabenedikto waliokuwa Katanga tangu mwaka 1910.

Katika mpango huo mke hakuwa mgeni wa pembeni. Alitarajiwa kumpikia mfanyakazi chakula cha kumwezesha kurudi kazini kesho yake, na kuzaa na kulea vijana watakaochukua nafasi za baba zao. Basi naye alitakiwa kufundishwa. Ndivyo zilivyopata nguvu shule za unyumba kwa wasichana na nyumba za kazi za mikono kwa wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mafunzo ya wake yalienezwa zaidi katika taasisi ambazo Wabelgiji waliziita foyers sociaux. Masomo yake yanajulikana: upishi, usafi, kupiga pasi, malezi ya mtoto mchanga, kufuma kwa sufu, kutia viraka na kushona. Uchunguzi wa Nancy Rose Hunt juu ya taasisi ya namna hii huko Usumbura kati ya mwaka 1946 na 1960, uliochapishwa mwaka 1990, ni mwongozo mzuri kwa anayetaka kuelewa mantiki yake. Mama aliyefuzu alipaswa kuonekana kwa nyumba yake: mapazia, vitambaa vya meza, nguo za watoto zilizoshonwa vizuri.

Hapa lugha ya watawala inastahili kutazamwa. Neno lao la mama wa nyumbani lilikuwa ménagère. Katika Kongo ya Wabelgiji neno hilo hilo ndilo lililotumika kwa adabu ya kinafiki kumtaja mwanamke Mwafrika aliyewekwa kinyumba na Mzungu. Mwanamke aliyeishi mjini bila mume naye alikuwa na jina lake. Aliitwa mwanamke huru, na katika miji kadhaa ya koloni aliwekewa kodi ya peke yake. Hivyo kila mwanamke wa mjini alikuwa na kijisanduku chake katika kumbukumbu za utawala, na hakuna kijisanduku kilichotengwa kwa mwanamke mwenye mume anayeishi pia kwa kipato chake mwenyewe. Pengine hilo ndilo linaloeleza vizuri zaidi kwa nini mafunzo ya kushona yaliishia pale yalipoishia. Kushona kwa ajili ya nyumba kulimpamba mke. Kushona kwa malipo kulimsogeza kwenye jina lililotozwa kodi.

Haifai, hata hivyo, kuwaona wanawake hao kama udongo mikononi mwa mfinyanzi. Makambi ya Union Minière yalikusanya watu kutoka Kasai, kutoka nchi ya Waluba wa Katanga, kutoka kusini, na katika miaka ya 1920 hata kutoka Ruanda-Urundi. Mwanamke aliyeletwa kambini mara nyingi hakuwa na jirani wa kuzungumza naye lugha ya mama yake. Mume alijifunza Kiswahili kazini. Mke alihitaji mahali pake pa kukizungumza, na mahali palipokusanya wake wa makabila mbalimbali kwa saa kadhaa, kila mmoja na kazi mkononi, palikuwa mahali pa kufaa sana. Darasa la kushona lilikuwa darasa la lugha bila kukusudiwa.

Miguu kabla ya mikono

Anayeanza kujifunza cherehani ya kukanyaga hujifunza kwanza kwa miguu. Jambo hili humshangaza kila mwanafunzi, kwa kuwa amekuja akidhani kwamba atafundishwa mikono. Mafunzo ya kawaida huanza kwa mashini tupu: uzi umetolewa, na mguu mdogo wa chuma unaokandamiza kitambaa umeinuliwa. Mwanafunzi huweka miguu miwili juu ya kanyagio, mmoja ukitangulia kidogo, akaanza kubembea, kisigino kisha vidole, kisigino kisha vidole. Mkanda wa ngozi huchukua mwendo wa gurudumu kubwa la chini hadi gurudumu dogo la juu. Gurudumu la juu lazima lizunguke kumwelekea mshonaji. Miguu ikikosa mapigo, linarudi nyuma, na uzi ukiwamo hukatika au kujisokota chini ya kitambaa. Kwa hiyo siku za kwanza hutumika kufundisha jambo moja tu, nalo ni kuanza, kuendelea na kusimama bila gurudumu kugeuka nyuma. Mkono wa kulia huruhusiwa kulisukuma kidogo wakati wa kuanza, na kulizuia wakati wa kusimama.

Baada ya miguu hufuata karatasi. Mwanafunzi hupewa karatasi iliyochorwa mistari, na sindano bila uzi. Anatakiwa kuyafanya matundu yafuate mstari. Kwanza mstari ulionyooka, kisha mraba, mwisho mviringo. Katika mraba anajifunza siri ya kona: kusimamisha mashini sindano ikiwa chini, kuinua mguu wa kukandamiza, kugeuza karatasi, kuushusha mguu na kuendelea. Karatasi ina faida ya kutosamehe. Kitambaa huficha mshono uliopinda kwa rangi na mikunjo yake, ilhali karatasi ikiinuliwa kwenye mwanga huonyesha kila tundu lilipokosea njia.

Ndipo uzi huingizwa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa kwa mara ya kwanza. Mshono wa sindano ya mkono una uzi mmoja, wa mashini una nyuzi mbili: mmoja hutoka juu kupitia tundu la sindano, ambalo katika mashini liko karibu na ncha, na mwingine hutoka chini katika bobini. Nyuzi hizo hukutana katikati ya unene wa kitambaa na kushikana. Uzi wa juu ukilegea, vitanzi huonekana upande wa chini. Ukikazwa mno, kitambaa hujikunja au uzi hukatika. Mwanafunzi huona kosa upande mmoja wa kitambaa, na sababu yake iko upande mwingine. Yule aliyezoea kushona kwa mkono hutaka kurekebisha palipo na vitanzi, na hushangaa kuambiwa aangalie juu.

Kosa jingine la mwanzo ni kuvuta. Chini ya mguu wa kukandamiza mna meno madogo ambayo kazi yake ni kusogeza kitambaa hatua moja kwa kila mshono. Mikono inatakiwa kuelekeza tu. Anayevuta huipinda sindano, ikagonga bamba la chuma na kuvunjika. Walimu wa kazi hii hufahamu mwanafunzi amefika wapi kwa kutazama mabega yake. Mabega yakiwa yamepanda karibu na masikio, bado anavuta.

Hatua hizi ni zile zile Panda, Zanzibar au Manchester, kwa sababu zinatokana na umbo la chombo. Mashini zilizoenea zaidi duniani zilifuata miundo ya Singer, kampuni ya Marekani iliyopata hataza yake ya kwanza mwaka 1851. Muundo wake mmoja, wa namba 15, uliigwa na viwanda vya Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha na vya China, ambako mashini zenye alama ya kipepeo zilitengenezwa Shanghai na kuuzwa katika nchi nyingi za Afrika. Singer pia ndiyo iliyoanza mwaka 1856 kuuza mashini kwa malipo ya awamu, na kwa njia hiyo wanawake wengi wasio na fedha Ulaya na Marekani waliweza kumiliki chombo kabla ya kumaliza kukilipia. Katika makambi ya shaba fedha ilikuwa mshahara wa mume. Hata mke aliyekuwa stadi alisubiri uamuzi wa mwingine ili apate mashini yake.

Fundi wa barazani

Wakati huo huo ufundi wa kushona kwa malipo uliendelea kuwa wa wanaume. Shule za kazi za wamisionari ziliuhesabu miongoni mwa fani za wavulana, pamoja na useremala na ushonaji wa viatu. Wasalesiani waliofika Elisabethville mwaka 1911 ndio waliokuwa mashuhuri kwa elimu ya aina hiyo katika Katanga. Aidha, maduka ya Wagiriki, na ya Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, yaliuza vitambaa, na fundi mwenye mashini yake aliketi karibu. Mteja alinunua kitambaa dukani akampa fundi.

Fundi huyu ndiye aliyejua kukata. Alichukua vipimo vya mteja kwa utepe, akavihamishia moja kwa moja kwenye kitambaa kwa chaki, akakata bila kielelezo cha karatasi. Ni ujuzi wa kutisha kwa mwanzo. Mshono uliokosewa hufumuliwa, kitambaa kilichokatwa vibaya hakiungiki tena, na gharama yake ni ya fundi. Kwa sababu hiyo mafundi hawakumpa mwanafunzi mkasi mapema. Alifagia, alipiga pasi, alitia vifungo, alishona mapindo, na kwa miezi mingi aliitazama mikono ya bwana wake. Aliyemaliza safari hiyo alikuwa amepewa riziki. Mke wa mfanyakazi katika darasa la masista alianzia hapo hapo kwenye mapindo na vifungo, lakini kwake hayo ndiyo yaliyokuwa mwisho wa masomo.

Mageuzi ya elimu ya mwaka 1948 katika Kongo yalipanua shule za wasichana, ila yaliziweka kwenye njia ya peke yake, ambayo kiini chake kilikuwa unyumba. Gazeti la kampuni, Mwana Shaba, lililoanzishwa mwaka 1957, liliendeleza sura hiyo hiyo ya mke mwema katika nyumba safi.

Kukata na kushona

Mabadiliko yalikuja taratibu baada ya uhuru wa mwaka 1960, na hayakuja kwa tangazo. Union Minière ilitaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967, na kampuni ya dola iliyoirithi, ambayo baadaye ilijulikana kama Gécamines, ilirithi pia hospitali, shule na taasisi za wake. Katika elimu ya sekondari ya Kongo, hata hivyo, ilijengeka fani yenye jina la Coupe et Couture, yaani kukata na kushona. Jina hilo linafaa kusomwa kwa makini. Lile neno lililokosekana katika darasa la wake sasa limetangulia. Msichana wa fani hii alijifunza kuchora kielelezo kwa vipimo, kukikuza na kukipunguza, kukilaza juu ya kitambaa kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi ili nguo isipinde baada ya kufuliwa. Kile ambacho fundi wa barazani alikiweka machoni mwake sasa kiliwekwa kwenye karatasi. Na kilicho kwenye karatasi huweza kufundishwa darasa zima kwa mara moja.

Siasa nayo ilisaidia bila kutaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 utawala wa Mobutu ulipiga marufuku suti na tai, ukaleta vazi la abacost kwa wanaume, na ukawataka wanawake waache suruali na kuvaa vitambaa. Vazi la mwanamke likawa kikwembe pamoja na blauzi ya kitambaa hicho hicho, inayoitwa libaya. Libaya haiuzwi tayari. Hukatwa kwa mwili wa mwenyewe, na mikono na shingo yake hubadilika kwa kila msimu. Kadiri vazi hili lilivyokuwa vazi la heshima kanisani, msibani na arusini, ndivyo wateja wa kike walivyotaka mshonaji anayeweza kuwapima bila haya kwa upande wowote. Hapo mwanamke aliyejua kukata alikuwa na nafasi ambayo fundi wa kiume hakuwa nayo.

Baada ya shaba

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya sehemu moja ya kumi ya kiwango kile. Mishahara ilichelewa kwa miezi, kisha kwa miaka. Posho, iliyokuwa nguzo ya nyumba za kambi tangu enzi ya Mottoulle, ilikoma kutegemewa. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu ameipa kazi yake ya mwaka 2001 jina lenye uchungu: anawaita watu hawa wana wa shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Mwaka 2003, kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari.

Katika miaka hiyo hiyo Likasi ilipatwa na jambo baya zaidi. Kuanzia Agosti 1992 wenyeji wa asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa katika makambi hayo hayo, walishambuliwa na kufukuzwa. Maelfu kwa maelfu walikaa kwa muda mrefu kwenye kituo cha reli na katika shule wakisubiri treni. Mtu aliyekuwa fundi wa mitambo ya Panda kwa miaka ishirini hakuweza kuondoka na hata skrubu moja ya kazi yake. Kichwa cha cherehani, kikitolewa kwenye meza yake, kina uzito wa zaidi ya kilo 10 na hubebwa na mtu mmoja.

Dibwe ameeleza jinsi mamlaka ya baba yalivyotikisika katika familia za wafanyakazi pale kipato cha mke kilipoanza kulisha nyumba. Wengi waliuza unga, makaa au samaki, na lazima isemwe kwamba kushona hakukuwa njia ya walio wengi. Kulihitaji mashini, na kulihitaji mkasi wenye ujuzi. Hapa ndipo pengo la zamani lilipoonekana kwa macho. Mama aliyejifunza mapindo na viraka alikuta kwamba mapindo na viraka havina bei, hasa baada ya mitumba kufurika masokoni. Nguo iliyochakaa haikutiwa tena kiraka, ilibadilishwa. Soko lililobaki lilikuwa la vitu ambavyo mitumba haiwezi kuleta: libaya, sare za shule za rangi ya buluu na nyeupe zinazohitajika kila Septemba, na nguo za sherehe ambazo ukoo mzima huzivaa kwa kitambaa kimoja. Vyote hivyo huanza kwa kukata. Binti aliyesoma kukata na kushona alikuwa na kitu ambacho mama yake, baada ya miaka mingi ya kuhudhuria darasa kwa uaminifu, hakupewa.

Sheria ilichelewa kuliko mkasi. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu cha 448, ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kutoa huduma anayopaswa kuitekeleza mwenyewe. Ni vigumu kupata maelezo sahihi zaidi ya kazi ya mshonaji kuliko hayo. Kila libaya iliyoagizwa na jirani, kwa kufuata maandishi ya kifungu hicho, ilihitaji ruhusa ya mwanamume ambaye mshahara wake ulikuwa umekoma kuja. Mahitaji ya jikoni hayakungoja idhini hiyo. Lakini pale mwanamke alipotaka mkopo wa kununulia mashini ya pili, au mkataba wa kupanga chumba cha kazi, maandishi yalikuwa na nguvu yake. Kifungu hicho kilibadilishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Kile kinachomtambua mume kuwa kichwa cha nyumba, cha 444, kiliachwa.

Mashini za kukanyaga hazijatoweka katika miji ya shaba, na sababu yake si umaskini peke yake. Umeme hukatika mara kwa mara hata katika jimbo lenye mabwawa yaliyojengwa kuendeshea viwanda vya shaba, kama lile la Mwadingusha lililoanza kazi mwaka 1930, na mashini ya miguu haiulizi kama nyaya zina umeme. Msichana anayeanza bado hupewa mashini tupu isiyo na uzi, kisha karatasi yenye mistari. Kinachobishaniwa kati yake na mwalimu wake, kabla hata ya ada kulipwa, ni mkasi: atapewa mwezi wa ngapi, na kitambaa cha kwanza atakachokikata kitakuwa cha nani.